Usukani wa baba hauna tena alama ya pete

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka Mombasa. Marehemu baba alituachia Volkswagen kobe la 1966, lile la 1300. Alilinunua mtumba mwaka 1971 na akalitunza hivi kwamba mama alikuwa akisema ameolewa na mke mwenza wa magurudumu manne. Baba alipofariki, gari lilikaa chini ya mwarobaini uani miaka sita, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma.

Mwaka juzi nilijaaliwa vijisenti, nikalipeleka kwa Ami. Huyu si ami wa damu. Ni fundi, sahibu wa baba tangu ujana wao, ndiye aliyelihudumia gari hilo miaka yote, na siku ya maziko ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Alikaa nalo miezi kumi na minne. Wiki tatu zilizopita amenirudishia, na kwa nje, Mjomba, sina la kusema. Linang'aa mpaka watoto wa mtaa wanajitazama mlangoni.

Shida iko ndani. Baba alikuwa na pete ya fedha, na akiendesha hupenda kuigonga kwenye usukani kwa kufuata taarabu ya redio. Miaka ilivyokwenda, upande wa kulia wa usukani ulimong'onyoka kidogo, kidoti kama punje ya mtama. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikaa mapajani mwake na kukitia ukucha kile kidoti. Sasa usukani ni laini kote, hauna kitu. Spidomita nayo inasoma kilomita, inaishia 140, na namba zake ziko 23,117. Baba alikuwa na daftari la petroli, kila akijaza anaandika tarehe na namba. Ukurasa wa mwisho unasema 61,408. Na viti! Vimekuwa kama makochi ya sebuleni, vinanukia dukani. Vile vya zamani vilikuwa na harufu yao, kama jamvi lililolowa mvua, na nilikuwa nikiipenda.

Binamu yangu anasema nimeibiwa mchana kweupe. Eti vitu vya ndani vya kobe za zamani vinatafutwa sana Ulaya na Marekani, mafundi wanavitoa vya asili na kukutilia vya bandia. Ndugu yangu anataka twende polisi. Mama amesema atakayemgusa Ami asikanyage nyumbani kwake. Mimi bado nadaiwa na Ami shilingi 120,000, na nilikuwa na nia ya kulipeleka gari Nairobi kwenye yale mashindano ya Ngong, ya magari yaliyotunzwa vizuri.

Nijuaje kama vitu vya ndani ni orijino? Na nikijua kwamba sivyo, nitamwambiaje mtu aliyemzika baba yangu?

Mpwa wako,
Mwana wa mwenye kobe

*

Marahaba, mpwa. Mungu amrehemu mzee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. La kwanza: je, kitu hiki ni cha kiwandani, cha umri wa gari hili? La pili: je, kitu hiki ndicho kilekile alichokishika baba? Wanunuzi na majaji wanataka jibu la swali la kwanza. Wewe, nikikusoma vizuri, unalia kwa ajili ya la pili. Spidomita inaweza kuwa ya Ujerumani, ya mwaka uleule hasa, halali kabisa, na bado ikawa imetoka kwenye kobe la mtu mwingine. Na kinyume chake pia: kitu kinaweza kuwa cha baba yako kweli, na hakikutoka kiwandani na gari, kwa kuwa baba alikibadilisha mwenyewe wewe hujazaliwa. Ukichanganya haya utamkosea mtu.

Basi chukua tochi, kioo kidogo cha kunyolea ndevu, na hilo daftari la petroli. Amka mapema kabla jua halijawa kali na majirani hawajaja kutoa maoni.

Anza kwa kung'oa kiti cha nyuma. Katikati ya sakafu unapita mgongo wa chuma toka mbele hadi nyuma. Juu yake, nyuma kabisa, pamegongwa namba ya chesi. Kwa gari la modeli ya 1966 iwe na tarakimu tisa na ianze na 116: 11 ni aina ya gari, 6 ni mwaka wa modeli. Kumbuka kwa Volkswagen mwaka wa modeli ulianza Agosti ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo gari lenu huenda lilitoka kiwandani mwishoni mwa 1965. Linganisha na logbuku, kisha na kibati kilicho mbele, chini ya boneti, nyuma ya gurudumu la spea. Namba zikikubaliana, angalau unajua ni gari la baba lililorudi. Usicheke. Nimeshaona mtu akiulizia vifundo vya redio kumbe bodi zima si lake.

Ukiwa bado hapo chini ya kiti cha nyuma, tazama betri, iko upande wa kulia. Kobe la 1966 lilikuja na umeme wa volti 6. Volti 12 zilifika kwa modeli za baadaye. Betri ya volti 6 ina vifuniko vitatu vya maji, ya volti 12 ina sita. Kama Ami amekuwekea 12, si dhambi, mimi mwenyewe ningefanya hivyo, kwa sababu taa za volti 6 usiku kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi ni kama kibatari. Lakini ni badiliko, na lina wenzake: balbu za dashibodi, mota ya waipa, honi, redio. Aliyebadilisha betri lazima alifungua na huko mbele. Hilo litakusaidia baadaye kumwelewa.

Sasa geji ya mafuta, na hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji hata bisibisi. Kobe za kabla ya Agosti 1961 hazikuwa na geji kabisa. Mafuta yakikauka unapiga teke kijiti cha akiba miguuni pako na kuomba Mungu. Kuanzia hapo hadi 1967 wakaweka geji ndogo inayosimama peke yake kando ya spidomita, nayo haiendeshwi na umeme. Inavutwa na waya wa chuma kutoka kwenye boya la tangi. Kwa hiyo fanya hivi: tia petroli kiasi, zima gari, chomoa ufunguo, tazama sindano. Ikibaki palepale ikionyesha mafuta yaliyomo, geji ni ya aina ya gari lenu. Ikianguka chini kama mtu aliyezirai, hiyo ni ya umeme, imetoka kwenye gari la baadaye au ni ya kubuni. Na ukikuta geji imo ndani ya uso wa spidomita yenyewe, basi hiyo spidomita ni ya modeli ya 1968 au baada yake, hata kama mtu atakuapia.

Tukija kwenye hiyo spidomita, naona kweli pana neno. Gari la usukani wa kulia lililouzwa huku mwaka ule, barabara zetu zikipimwa kwa maili, lilistahili kuwa na spidomita ya maili, inayoishia 90. Yako ya kilomita, inayoishia 140, siyo iliyotarajiwa. Fungua boneti ya mbele, toa lile bodi la karatasi ngumu linaloficha migongo ya geji (chomoa betri kwanza, tafadhali). Spidomita ni kopo la chuma lililoshikwa kwa skrubu mbili kwa nyuma. Mulika ubavu wa kopo na mgongo wake. Ukiona jina VDO, ndio watengenezaji wa spidomita hizo, tafuta karibu na hapo namba ndogo za mwezi na mwaka, kwa mfano 11.65. Tarehe hiyo inapaswa kuitangulia tarehe ya gari kwa wiki au miezi michache. Ikiwa baada ya gari, iliingia baadaye. Ikiwa miaka mitatu kabla, imetoka kwenye gari jingine. Tazama pia zile skrubu mbili: zikiwa na vumbi la miaka na kutu iliyotulia, hakuna aliyezigusa karibuni, vichwa vikiwa vimekwaruzwa na kung'aa, mkono ulipita juzi.

Lakini kabla hujamhukumu mtu, fungua daftari. Namba za spidomita ya kobe ni tano tu, zikifika 99,999 zinarudi sifuri. Na hizo 61,408, je, ni maili au kilomita? Nenda nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Tafuta mahali namba zinaporuka ghafla: leo 88,000 na ushei, wiki ijayo 40. Halafu piga hesabu ya petroli. Mtu aliyekuwa akijaza kila baada ya namba 200 na ghafla anajaza kila baada ya 320 kwa lita zilezile, hakubadilisha injini; amehama kutoka maili kwenda kilomita. Nchi ilipohama, madereva wengi walihama nayo. Ukikuta ukurasa huo, na tarehe ni ya zamani, basi spidomita ya maili aliitoa baba yako mwenyewe, pengine kwa mkono wa huyohuyo Ami. Hapo litabaki swali dogo tu: mbona sasa ni 23,117 na si 61,408? Mwenye kujibu ni mmoja, na tutamfikia.

Daftari hilo usilipoteze. Watu wenye magari ya mamilioni wangetoa pesa kulipata kama hilo.

Usukani sasa. Nimeuacha makusudi kwa sababu ndio unaokuuma. Mpwa, kidoti kuwa hakionekani si ushahidi kwamba usukani ni mwingine. Usukani wa plastiki wa miaka hiyo hupasuka na jua, hasa pale mikono ya chuma inapoingia kwenye duara. Fundi anayejiheshimu hauachi hivyo. Anapanua ufa, anaujaza gundi ngumu, anapiga msasa, anapaka rangi. Kidoti cha pete ya mzee, kwa macho ya fundi, ni kasoro kama nyingine. Ameziba. Inawezekana kabisa kwamba alama ya baba yako iko palepale, imelala chini ya rangi mpya.

Utajuaje? Ingia gari usiku, zima taa zote, shika tochi pembeni kabisa ili mwanga uteleze juu ya usukani badala ya kuupiga uso kwa uso. Mahali palipojazwa huonyesha kivuli chembamba, kama kovu lililopona. Kisha chukua kile kioo utazame nyuma ya usukani, karibu na shina, ambako bunduki ya rangi haifiki vizuri. Ukiona rangi ya zamani iliyochujuka au nyufa nyembamba kama nywele, huo ni usukani mkongwe uliovishwa nguo mpya. Ukiona plastiki laini, rangi moja mbele na nyuma, hakuna hata mkwaruzo mmoja wa kuanzia 1966, hapo binamu yako anaweza kuwa na hoja.

Kuna alama moja zaidi kwa gari la mwaka wenu. Modeli ya 1966 ilihamisha swichi ya kushusha taa kutoka sakafuni, ambako ilikanyagwa kwa mguu, ikaipeleka kwenye kijiti cha indiketa kando ya usukani. Ukikuta kitufe cha kukanyaga, mtu amechanganya vitu vya miaka tofauti. Vipande vingi vya kiwandani vina nembo ya VW na namba ya tarakimu tisa: ya katikati husema ni kitu gani (957 ni jamii ya spidomita, 881 ni viti), na vile vilivyotengenezwa mahususi kwa usukani wa kulia mara nyingi huanza na 112 au 114. Usiviabudu sana. Viwanda vya Marekani na kwingineko vinatengeneza nakala nzuri mno za vitu vya ndani vya kobe, na anayenakili umbo hashindwi kunakili na namba.

Viti. Hapa nitakaa kidogo maana hapa Ami, mapenzi yote pembeni, nina ugomvi naye. Ile harufu ya jamvi lililolowa unajua ilikuwa nini? Makumbi ya nazi. Wajerumani walijaza viti vya kobe kwa nyuzi za makumbi na manyoya, zikiwa zimeshikanishwa kwa mpira, zikalazwa juu ya springi. Mzungu wa Wolfsburg, mji wa kiwanda cha Volkswagen, kwenye theluji, anakalia makumbi. Sisi tuliozaliwa chini ya mnazi tunayatupa na kuweka sponji! Sponji ndiyo inayofanya kiti chako kivimbe kama kochi. Kobe hakuvimba, kiti chake ni chembamba, bapa, kinakukalisha wima kama mwanachuoni.

Hata hivyo kiti si kitambaa wala si sponji. Kiti ni fremu na springi. Kipindue utazame chini: rangi ya zamani, kutu ya kale, springi zilizochoka, hiyo ni fremu ya baba. Miaka sita kuku walikuwa wakitagia pale, hata mimi nisingerudisha makumbi yale. Ila yapo mapya ya aina ileile, na fundi viti mzuri anaweza kuyakata kwa umbo la zamani. Na jambo hili si la urembo: springi za kiti cha nyuma ziko juu ya ile betri. Watu wazito wakikaa, springi ikagusa ncha ya betri isiyo na kifuniko, cheche zinaruka, na kiti kinashika moto, kiwe cha makumbi au cha sponji. Kobe nyingi zimeteketea hivyo. Hakikisha betri ina kifuniko leo, kabla ya kufikiria majaji.

Kwenye milango, chomoa pembe moja ya ubao wa ndani. Ule wa kiwandani umekaa kama karatasi ngumu iliyochakaa, una madoa ya maji chini, na mistari yake imegandamizwa kwa joto. Ukiona mistari imepigwa cherehani na nyuma hadibodi inanuka gundi, ni kazi ya mtaani. Kitambaa cha dari kwa mwaka wenu kilikuwa cha plastiki yenye vitundu vidogo, si cha pamba. Hapo inatosha.

Na ukitaka neno la kiwanda chenyewe, jumba la makumbusho ya magari la Volkswagen huko Wolfsburg hutoa cheti cha kuzaliwa kwa gari ukiwapelekea namba ya chesi: siku lilipotengenezwa, rangi yake, rangi ya viti, na lilipelekwa wapi. Kiagize. Kitakueleza kama viti vyako vipya vina rangi sahihi. Lakini hakitakuambia namba ya spidomita wala habari za pete.

Tumwendee Ami. Polisi, hapana; mama yako amesema na mimi sina mamlaka juu yake. Binamu mwambie asubiri. Unakwenda wewe peke yako, alasiri, na kitu mkononi, halua au kahawa, na zile 120,000 mfukoni, umfahamishe kwamba umekuja nazo. Usianze na spidomita. Kwanza sifu kazi ya nje, maana umesema mwenyewe haina kasoro. Halafu useme hivi: "Ami, nimekuja kuchukua masalio." Fundi wa zamani anajua neno hilo. Kila kilichotolewa kwenye gari la mtu, hata kiwe taka, ni mali ya mwenye gari na hurudi naye kwenye gunia. Kama gunia lipo, atalitoa, na humo utakuta spidomita yenye 61,408, imekufa au imepasuka kioo, na pengine mengine usiyoyatarajia. Tatizo lake litakuwa kwamba hakukueleza, na lenu kwamba hamkuandikiana chochote mwanzoni.

Akisema vimetupwa, muulize kimoja kimoja, polepole, daftari likiwa wazi mbele yake. Mzee aliyetupa spidomita mbovu atakwambia ilikuwa na ubovu gani bila kufikiri, maana mafundi hukumbuka magonjwa kuliko majina. Aliyeuza atazungumzia mambo ya jumla. Ikidhihiri ameuza, usilipe siku hiyo. Mtafute mzee wa tatu mnayemheshimu nyote wawili, mkae, thamani ya vilivyouzwa ikatwe kwenye deni au virudishwe vya umri uleule. Ikiwa hakuuza, mlipe palepale, umalize.

Ngong nenda. Mashindano yale yako tangu 1970, majaji wameshaona kila hila, wanapita nje, ndani, kwenye injini hadi chini ya gari. Andika kwenye karatasi yako: viti vimeshonwa upya, spidomita si ya awali. Mwenye kusema kabla hajaulizwa huulizwa machache.

Na ule usukani, ukikuta kovu chini ya rangi, usimwambie Ami ang'oe kichungio chake. Kama kidoti unakitaka, kichimbe mwenyewe. Pete ya mzee nadhani mama anayo.

Niandikie baada ya jaribio la geji, unieleze sindano imekaa au imeanguka.

Mjomba